Fibrinojeni ya chini: ya kurithi au ya kupatikana, na umpe mgonjwa nini

Karatasi mbili zimetoka maabara asubuhi moja, na zote zinasema fibrinojeni ni gramu 0.8 kwa lita. Ya kwanza ni ya mama aliyejifungua saa moja iliyopita, na damu bado inatoka. Ya pili ni ya kijana mzima wa afya anayesubiri kung'olewa jino, aliyepimwa kwa sababu dada yake ana tatizo la kuganda kwa damu. Mama yuko katika hatari ya kufa leo hii. Kijana huenda asihitaji kitu zaidi ya asidi ya traneksamiki (dawa inayolinda donge la damu lisiyeyushwe) na mshono mzuri kwenye fizi. Namba ni ileile, na anayetibu namba atakosea kwa mmoja wao.

Kinachowatenganisha ni swali moja: je, fibrinojeni haitengenezwi, inatengenezwa ikiwa na kasoro, au inaliwa kwa kasi inayolishinda ini? Ukishalijibu, uchaguzi wa dawa, kipimo na kasi unakuwa mwepesi.

Fibrinojeni yenyewe, kwa ufupi

Ni protini inayotengenezwa na ini, na kiwango chake cha kawaida kwa mtu mzima ni takriban gramu 2 hadi 4 kwa lita (maabara nyingine huanzia 1.5). Molekuli moja ina minyororo sita, yaani jozi tatu zinazoitwa Aα, Bβ na γ. Jeni zake, FGA, FGB na FGG, zimekaa jirani kwenye kromosomu ya 4. Kimeng'enya cha thrombini hukata ncha ndogo za minyororo, mabaki yakashikana kuwa nyuzi za fibrini, kisha faktari XIII (protini nyingine ya kugandisha) ikazifunga nyuzi hizo zisilegee. Fibrinojeni pia ni gundi inayounganisha chembe sahani zenyewe kwa zenyewe.

Mambo mawili ya kukumbuka huko mbele. Nusu ya fibrinojeni iliyomo mwilini hutoweka kila siku 3 hadi 5, kwa hiyo kiwango kikishuka ndani ya saa chache, kuna kitu kinaila au inamwagika. Na hupanda mtu anapokuwa na maambukizi, jeraha au ujauzito, kwa hiyo upungufu mdogo wa kurithi unaweza kujificha kabisa nyuma ya homa.

Za kurithi

Afibrinojenemia ndiyo nzito kuliko zote: fibrinojeni haipo kabisa au haipimiki. Ilielezwa kwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1920, na huwapata takriban watu 1 katika milioni. Mtoto amerithi jeni yenye hitilafu kutoka kwa baba na kwa mama, ndiyo maana huonekana zaidi katika familia ambamo ndugu wa karibu huoana. Dalili ya kwanza kwa wengi ni kitovu kinachovuja damu siku za mwanzo za maisha. Baadaye huja fizi, pua, misuli, hedhi nzito na, kinachoogopwa kuliko vyote, damu ndani ya fuvu. Viungo huvuja pia, ila kwa kawaida huharibika kidogo kuliko kwa wenye himofilia kali. Wengu unaweza kupasuka wenyewe bila kipigo. Mgonjwa wa afibrinojenemia anayelalamikia tumbo la kushoto juu apigwe picha haraka, asipewe dawa ya gesi na kurudishwa nyumbani.

Hipofibrinojenemia ni upungufu usio kamili. Wengi wamerithi jeni moja tu yenye hitilafu, na maisha yao hayana shida mpaka siku ya upasuaji, ajali au uzazi. Uzito wake hupangwa kwa namba: chini ya gramu 0.5 kwa lita ni mkali, 0.5 hadi 0.9 ni wa kati, na kuanzia 1.0 ni mdogo. Kuna familia chache ambamo fibrinojeni yenye hitilafu hukwama ndani ya seli za ini badala ya kutoka kwenda kwenye damu, na kuliumiza ini polepole. Kwa hiyo ukiona fibrinojeni ya chini pamoja na vimeng'enya vya ini vilivyopanda, usikimbilie kusema ini ndilo lililoshusha fibrinojeni. Katika familia hizi mambo yamekwenda kinyume.

Disfibrinojenemia ni hadithi nyingine kabisa. Protini ipo ya kutosha ila haifanyi kazi sawasawa. Jeni moja yenye hitilafu yatosha, kwa hiyo utamkuta mzazi mmoja na takriban nusu ya watoto wake wakiwa nayo. Hitilafu nyingi hurudia sehemu mbili: arjinini ya 35 kwenye mnyororo wa Aα na arjinini ya 301 kwenye mnyororo wa γ. Takriban nusu ya watu hawa hawana dalili yoyote. Karibu robo huvuja damu, na karibu mmoja kati ya watano hupata madonge kwenye mishipa, kwa sababu fibrini yao imesukwa vibaya na mwili hushindwa kuiyeyusha. Pale protini ikiwa pungufu na pia ina kasoro, huitwa hipodisfibrinojenemia.

Jambo linalowashangaza hata wataalamu ni kwamba mwenye afibrinojenemia, asiye na fibrinojeni hata chembe, naye anaweza kupata donge hatari. Kwa kawaida fibrini hukamata thrombini na kuifungia ndani ya donge. Fibrini isipokuwepo, thrombini huzurura huru na kuendelea kuchochea chembe sahani. Ongeza hapo dozi kubwa ya fibrinojeni kwa mkupuo, na hatari inazidi. Hii ndiyo sababu hatukubaliani na desturi ya kumjaza mgonjwa wa kurithi hadi kiwango cha mtu wa kawaida «ili kuwa salama». Lenga kiwango kinachotosha kazi iliyopo, basi.

Za kupatikana

Hizi ni nyingi mno kuliko za kurithi, na ndizo zinazoua kwa saa. Ya kwanza kufikiria ni kumwagika: mtu anayevuja damu nyingi na kujazwa maji ya dripu. Katika hali hiyo fibrinojeni hufika kiwango cha hatari kabla ya protini nyingine za kugandisha, na kabla ya chembe sahani.

Kwa mama mjamzito namba ya kawaida hudanganya. Mwishoni mwa ujauzito fibrinojeni yake huwa gramu 4 hadi 6 kwa lita. Akipimwa 2.0 wakati anavuja baada ya kujifungua, maabara itaandika «kawaida», kumbe amepoteza nusu au zaidi. Kiwango chini ya 2 mapema katika uvujaji wa uzazi ni kengele kwamba uvujaji utakuwa mkali. Usisubiri kifike 1.

Ya pili ni hali ambayo wodini huitwa DIC: kuganda kunawashwa kila mahali ndani ya mishipa, malighafi zinaisha, kisha mgonjwa anavuja. Chanzo chaweza kuwa maambukizi makali kwenye damu, kondo la nyuma kuachia mapema, maji ya uzazi kuingia kwenye mzunguko wa damu, majeraha makubwa, au saratani ya damu aina ya promielositi. Hapa kumwongezea fibrinojeni bila kushughulikia chanzo ni kujaza maji kwenye pakacha. Kwa saratani hiyo ya damu, dawa ya asidi ya retinoiki huanzishwa pale tu inaposhukiwa, bila kungoja majibu ya jeni, huku fibrinojeni ikishikiliwa juu ya 1.5.

Sumu ya nyoka yastahili kusimama peke yake. Nyoka wa jamii ya Echis na wengine kadhaa wana sumu inayowasha kuganda moja kwa moja, na fibrinojeni inaweza kuisha kabisa ndani ya saa chache kwa mtu anayeonekana mzima. Kipimo cha kitandani hakihitaji mashine: mililita 2 za damu ya vena kwenye tyubu mpya ya kioo, kavu na safi, iachwe imesimama dakika 20 bila kuguswa, kisha iinamishwe mara moja. Ikimiminika, damu haigandi. Tyubu ya plastiki, au ya kioo iliyooshwa kwa sabuni, hutoa jibu la uongo, kwa kuwa ni uso wa kioo safi unaoanzisha kuganda. Tiba ni dawa ya kupambana na sumu, na kipimo kirudiwe baada ya saa 6. Damu ikiwa bado haigandi, dozi nyingine hutolewa. Plazma au fibrinojeni ikitangulizwa kabla ya dawa hiyo, sumu huila nayo.

Ini lililochoka huleta picha ya polepole. Fibrinojeni hubaki kawaida kwa muda mrefu na kushuka ugonjwa ukiwa umekomaa sana, lakini kabla ya hapo huweza kutengenezwa ikiwa na asidi ya sialiki nyingi kupita kiasi, ikashindwa kuungana vizuri. Ni disfibrinojenemia ya kupatikana, na kwenye karatasi ya maabara hufanana na ile ya kurithi.

Kisha kuna dawa. Alteplesi na streptokinesi huyeyusha fibrini na kula fibrinojeni njiani. Asparajinasi, inayotumika kutibu saratani ya damu ya watoto, hulizuia ini kutengeneza protini, fibrinojeni ikiwemo. Lakini hushusha pia antithrombini inayozuia madonge, kwa hiyo mtoto yule anaweza kupata donge kwenye vena za ubongo huku fibrinojeni yake ikisoma 0.6. Kumwongezea kwa sababu ya namba tu, bila kuvuja, ni kosa la kawaida na la hatari. Valproeti, tigesaiklini na tosilizumabu nazo hushusha, kila moja kwa njia yake. Mtoto wa kifafa anayetumia valproeti apimwe fibrinojeni na chembe sahani kabla ya upasuaji mkubwa.

Moja zaidi, kwa sababu hupitwa: homa isiyoshuka, wengu mkubwa, ferritini (protini inayohifadhi chuma) juu sana na fibrinojeni inayoshuka hadi 1.5 au chini. Katika maambukizi ya kawaida fibrinojeni ingepanda. Ikishuka, fikiria ugonjwa wa seli za kinga kula seli za damu. ESR (kasi ya seli nyekundu kuzama kwenye tyubu) nayo hushuka, maana ni fibrinojeni inayozifanya seli nyekundu zipangane na kuzama. Kwa sababu hiyohiyo mwenye afibrinojenemia huwa na ESR ya karibu sifuri hata akiwa na nimonia.

Ubavu kwa ubavu, kwenye maabara

| Kipimo | Upungufu wa kurithi | Disfibrinojenemia ya kurithi | DIC | Ugonjwa wa ini |
|---|---|---|---|---|
| Fibrinojeni kwa njia ya Clauss (utendaji wake) | chini, haibadiliki | chini, haibadiliki | inashuka saa kwa saa | kawaida, kisha chini ugonjwa ukikomaa |
| Wingi wa protini (antijeni) | chini sawa na Clauss | kawaida au karibu | chini | mara nyingi juu kuliko Clauss |
| Chembe sahani | kawaida | kawaida | chini | chini, wengu ukiwa umevimba |
| D-dimeri (mabaki ya fibrini iliyoyeyushwa) | kawaida | kawaida, kama hakuna donge | juu sana | huweza kupanda |
| Faktari V na VIII | kawaida | kawaida | zote chini | V chini, VIII kawaida au juu |

Safu ya faktari V na VIII ndiyo tunayoitegemea zaidi ini na DIC zinapochanganyika, kwa kuwa faktari VIII haitegemei seli za ini zinazotengeneza nyingine.

Kama bado una shaka na mgonjwa ametulia, rudia Clauss baada ya saa 4 hadi 6. Ya kurithi itakaa palepale. Inayoliwa itakuwa imesogea. Njia nyingine ni kuangalia mwenendo baada ya kumpa fibrinojeni: pima kabla, pima saa moja baada ya dripu kuisha, pima tena kesho yake. Kwa mwenye upungufu wa kurithi kiwango hupanda kama hesabu ilivyotabiri na kushuka pole kwa siku kadhaa. Kwa mwenye DIC hai hupanda kidogo na kutoweka.

Kwa disfibrinojenemia, dai vipimo viwili kwa pamoja: Clauss na antijeni. Ukigawanya Clauss kwa antijeni ukapata chini ya takriban 0.7, protini ina kasoro. Kisha pima wazazi na ndugu. Mzazi mmoja mwenye picha hiyohiyo na ini zima hufunga mjadala, na kipimo cha jeni huthibitisha. Kwa mtoto mchanga subiri: fibrinojeni yake bado ni ya aina ya kijusi, muda wa thrombini (sekunde za plazma kuganda ikiongezwa thrombini) huwa mrefu kiasili, na jina la ugonjwa likibandikwa mapema humfuata maisha yote.

Kabla ya kuamini namba

Tyubu ni ya kifuniko cha bluu yenye sitreti (kemikali inayozuia damu kuganda) 3.2%, sehemu 9 za damu kwa 1 ya sitreti. Isipojaa, sitreti inazidi na plazma inachujuka, na kiwango kinasoma chini. Damu nzito yenye hematokriti (sehemu ya damu ambayo ni seli nyekundu) zaidi ya 55% huleta kosa hilohilo hata tyubu ikijaa, kwa kuwa plazma ni kidogo. Sampuli iliyoanza kuganda kwa sababu haikugeuzwageuzwa vizuri hutumia fibrinojeni ndani ya tyubu. Fundi achovye kijiti kutafuta donge kabla ya kupiga simu wodini. Damu iliyovutwa kwenye mkono wenye dripu hupima dripu.

Njia ya Clauss, iliyobuniwa mwaka 1957, huongeza thrombini nyingi kwenye plazma iliyochujushwa na kupima sekunde za kuganda. Mashine nyingi hutoa pia fibrinojeni inayokadiriwa kutoka kwenye mkunjo wa PT (kipimo kingine cha muda wa kuganda). Hiyo ni rahisi, lakini kwa mwenye disfibrinojenemia husoma juu kuliko ukweli, wakati mwingine kawaida kabisa. Uliza maabara wanatumia ipi. Dabigatrani, dawa ya kuzuia kuganda, hushusha Clauss kwa uongo. Wanga wa dripu wa kuongeza ujazo wa damu huipandisha kwa uongo kwenye mashine zinazosoma kwa mwanga, na hilo ni baya zaidi, kwa kuwa humfanya anayevuja aonekane ana akiba.

Muda wa thrombini ukiwa mrefu na hujui kama ni heparini (dawa ya kuzuia kuganda), fanya muda wa reptilasi (kipimo kama hicho, ila kwa kimeng'enya cha sumu ya nyoka badala ya thrombini). Heparini haiugusi, fibrinojeni mbovu huurefusha.

Fibrinojeni ya chupa, krayo au plazma?

Tuseme mgonjwa ana kilo 60, fibrinojeni 0.4, na tunataka 1.5 kwa sababu ya upasuaji. Hesabu ya fibrinojeni ya chupa (unga uliokolezwa kutoka kwenye plazma) ni hii: tofauti kwa gramu kwa lita, gawanya kwa 0.017, unapata miligramu kwa kila kilo. Hapa 1.1 kugawanya kwa 0.017 ni takriban 65, mara kilo 60 ni gramu 3.9, yaani chupa 4 za gramu 1. Kila chupa huyeyushwa kwa mililita 50 za maji ya sindano, kwa hiyo jumla ni mililita 200. Kasi isizidi mililita 5 kwa dakika. Dakika 40 umemaliza. Kiwango kikiwa hakijulikani na mgonjwa wa kurithi anavuja, miligramu 70 kwa kilo ndiyo dozi ya kuanzia.

Kiasi hichohicho kwa krayopresipiteti, sehemu ya plazma yenye fibrinojeni nyingi ambayo wengi huiita krayo, ni kama hivi: mfuko mmoja kutoka kwa mchangiaji mmoja una takriban gramu 0.2 hadi 0.25 ndani ya mililita 10 hadi 20. Unahitaji mifuko 16 hadi 20. Mifuko 10 inayopewa mtu mzima kwa mazoea humpandisha kati ya gramu 0.5 na 1 kwa lita tu.

Kwa plazma iliyogandishwa, yenye takriban gramu 2 kwa lita, ni lita 2 nzima. Moyo wa mzee hauwezi, wala wa mama mwenye shinikizo la damu la ujauzito. Na hata ukiweza, huwezi kumpandisha mtu juu ya kile kilichomo kwenye plazma yenyewe: mgonjwa wa 1.5 akipewa plazma ya 2.0 anasogea kidogo sana huku akijaa maji. Plazma ni chaguo la mgonjwa aliyepungukiwa kila kitu, kwa mililita 15 hadi 20 kwa kilo, au pale ambapo hakuna kingine.

Kwa hiyo kwa wa kurithi tunachagua ya chupa, bila kusita. Imepitishwa kwenye hatua za kuua virusi, dozi yake inajulikana kwa miligramu, na haina faktari VIII na faktari ya von Willebrand ambazo mgonjwa huyu hazihitaji na huenda zikamsogeza karibu na donge. Mtu atakayepokea dawa hii maisha yake yote hapaswi kukutana na wachangiaji 20 kila mara anapong'oa jino. Krayo kwa kawaida haiuliwi virusi. Krayo itumike tu pale ambapo ya chupa haipatikani, na asitumie mtu bila chanjo ya homa ya ini aina ya B kama muda upo.

Kwa wa kupatikana mambo hayako wazi hivyo. Krayo ina faktari XIII, ambayo mtu aliyevuja sana amepoteza pia, na hilo ni faida yake halisi. Ya chupa inashinda kwa saa: haihitaji kuyeyushwa barafu wala kulinganisha kundi la damu, na ipo mkononi kwa dakika chache. Penye benki ya damu iliyo karibu na yenye mwendo, krayo inatosha vizuri. Penye umbali, weka ya chupa kwenye friji ya leba. Lengo kwa uvujaji wa jeraha ni 1.5 hadi 2.0, kwa uzazi angalau 2.0. Kwa DIC isiyovuja, usitoe chochote kwa ajili ya namba.

Makosa tunayoyaona zaidi wakati wa kuandaa: chupa kutikiswa kama dawa ya kikohozi badala ya kuzungushwa taratibu, ikatoa povu na kuacha vipande, krayo iliyoyeyushwa kwa nyuzi 37 kurudishwa kwenye friji, ambako fibrinojeni hujitenga upya (iliyoyeyuka hukaa kwenye joto la chumba na kutumika ndani ya saa 4 hadi 6), kuchanganya na dawa nyingine kwenye mpira mmoja. Na hata fibrinojeni ikiwa 2.5, damu haitaganda kama kalsiamu imemezwa na sitreti ya mifuko ya damu au mwili umepoa. Pima kalsiamu, mfunike mgonjwa.

Asidi ya traneksamiki

Hulinda donge lililopo lisiyeyushwe. Kwa uvujaji baada ya kujifungua ni gramu 1 kwenye vena kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu kujifungua, na gramu nyingine kama uvujaji unaendelea baada ya dakika 30 au ukirudi ndani ya saa 24. Haingoji majibu ya fibrinojeni. Kwa upungufu mdogo wa kurithi, jino, pua na hedhi nzito mara nyingi hutulizwa nayo peke yake. Kwa mwenye disfibrinojenemia aliyewahi kupata donge, au ambaye familia yake ina madonge, ifikiriwe mara mbili. Katika DIC ambamo kuganda ndiko kunakotawala, iepukwe.

Ujauzito

Mwenye afibrinojenemia hushika mimba kama kawaida, lakini bila kuongezewa huipoteza katika wiki za 5 hadi 8, kwa sababu fibrini ndiyo inayoshikilia kondo linapojijenga. Dripu ianze mara tu mimba inapojulikana, kiwango cha chini kabla ya dozi inayofuata kisiende chini ya 0.6, na afadhali kiwe juu ya 1.0. Kadiri mimba inavyokua dozi huongezeka, kwa hiyo dozi ya mwezi wa pili haitoshi mwezi wa saba. Wakati wa uchungu lenga 1.5 au zaidi, na uendelee baada ya kujifungua, siku ambazo huvuja na pia huganda.

Mwenye upungufu mdogo huweza kupanda mwenyewe na kufika salama. Mwenye disfibrinojenemia Clauss yake hubaki chini hata protini ikipanda, kwa hiyo mpango wa uzazi wake uandikwe kwa historia yake na ya familia: kama wamevuja, andaa fibrinojeni; kama wameganda, andaa heparini ya dozi ya kinga baada ya kujifungua; kama hawajawahi lolote, mfuatilie kwa karibu tu.

Nyumbani na kwenye kadi

Kinga ya kudumu haimhusu kila mwenye afibrinojenemia, lakini aliyewahi kuvuja ndani ya fuvu anaihitaji: dozi kila siku 7 hadi 14, kiwango cha chini kisishuke chini ya 0.5. Aspirini, ibuprofeni na dawa za jamii yake ziachwe. Parasetamoli ndiyo ya maumivu. Sindano za msuli zihamishiwe chini ya ngozi inapowezekana, na mahali pakandamizwe dakika 5 hadi 10.

Kadi anayotembea nayo iandikwe aina kamili ya tatizo, Clauss na antijeni zake akiwa mzima, jeni iliyopatikana kama ilipimwa, dozi iliyofanya kazi mara ya mwisho na kiwango ilichofikisha, na kama amewahi kupata donge. Kwa mwenye disfibrinojenemia ongeza mstari mmoja kwa herufi kubwa: CLAUSS YA CHINI NI YA KAWAIDA KWAKE, ASIONGEZEWE FIBRINOJENI KAMA HAVUJI.